Kwenda Brussels Kuwaaga Wachomeleaji

Sharifu na Josephati, najua mmenuna. Siku niliyorudi mlinipokea stesheni, mkanibebea begi hadi nyumbani, mkanikalisha kwenye kiti changu. Mkaniambia nisubiri. Kisha mkaitoa redio kaseti ya marehemu baba, ambayo mlikuwa mmeipeleka kwa fundi nikiwa safarini, imefutwa vumbi inang'aa, mkaniomba kanda ya Wachomeleaji niliyokuwa nayo mfukoni, mkaiweka. Wimbo wa kwanza haujafika katikati nikanyanyuka, nikatoka nje, na sikurudi mpaka mlipoondoka.

Tangu siku hiyo mnaniuliza Ulaya ilikuwaje, nami nawajibu kwa mkato. Kwa mdomo siwezi, nitaanza kugomba. Acha niandike. Josephati anasema atampa binti yake asome, kwa hiyo nitaeleza hata mambo mnayoyajua. Habari za viza na tiketi naziruka, zilikuwa kero kama zilivyo kero kwa kila mtu.

Kigoma hadi Dar es Salaam

Treni ilisimama kabla ya Tabora, kwenye kituo kisicho na hata genge la chai. Mabehewa ya mizigo yalikuwa yameacha reli mbele yetu. Tukashuka. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamewasha majiko pembeni mwa reli kana kwamba wamehamia. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, niliyekaa naye kiti kimoja tangu Kigoma, alikaanga mihogo akanigawia. Ndipo akaniuliza ninakokwenda. Nikasema Brussels, Ubelgiji. Akauliza kama nina mgonjwa huko. Nikasema sina. Nikamweleza kwamba kuna bendi ya Wamarekani inapiga kwa mara ya mwisho kisha inaacha, na rafiki yangu anayeishi huko aliniahidi zamani kwamba siku ikipita mjini kwake ataniita tusimame pamoja kuisikiliza. Sasa ameniita.

Aligeuza mihogo yake bila haraka.

"Baba mzima wewe, unakwenda kuwaaga watu wasiokujua?"

Nikasema ndiyo.

"Basi huo ni msiba. Ungesema tangu mwanzo."

Akalitangazia behewa zima. Kuanzia hapo watu walinipa pole na machungwa mpaka Morogoro. Mwanzoni nilikanusha, halafu nikachoka.

Kwenye kile kituo nilipata muda wa kuwaza. Niliikumbuka siku Dido alipoingia kwetu. Jina lake ni Dieudonné, ila sisi tulimwita Dido. Alikimbia vita kutoka Uvira, akafika nyumbani na shati moja, na ndani ya mfuko wa shati hilo kanda moja isiyo na kasha. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyobanduka nusu, picha ya mtu anachomelea chuma, cheche zinaruka. Ndiyo maana tukawaita Wachomeleaji. Jina lao la Kiingereza tulilijua baadaye, na hatukuwahi kulitumia.

Mnakumbuka tuliisikilizia wapi. Redio ile baba alikuwa ameshaikataa. Alisema inamlilia, kwamba nyimbo zake za rumba zinatoka kama waimbaji wana homa. Akanipa mimi. Hatukuhoji. Wachomeleaji hatukuwahi kuwasikia mahali pengine popote, kwa hiyo walichokuwa ndani ya redio ile ndicho walichokuwa. Gitaa lilikuwa zito kama gogo linaloburutwa. Sauti ya mwimbaji ilitoka chini kabisa, kama nyati anayezungumza. Na ule wimbo wa nne, unaoanza kwa ngoma peke yake, pigo, kisha kimya, kisha pigo, mpaka unadhani mpigaji amesahau. Tulikuwa tunatoka bandarini tumevunjika migongo, tunakaa sakafuni sisi wanne, tunasikiliza. Wimbo ule ulikuwa unakwenda kwa mwendo wetu.

Uwanja wa ndege, Addis Ababa

Kulikuwa na ukungu, hakuna ndege iliyoondoka. Nililala viti vitatu nikaamka na shingo ya mbao. Asubuhi nilikula injera, ile chapati yao chachu, na mchuzi wa dengu ulioniwasha mpaka masikioni, nikiwa na jirani mmoja mhandisi wa Kirundi ambaye aliziona karatasi zangu akaziomba asome. Zilikuwa karatasi nilizochapisha pale kwenye duka la mtandao la stesheni, unapoweza kusoma lakini video haifunguki hata ungoje Idi mbili. Historia yote ya Wachomeleaji ilikuwa humo.

Walianza wakiwa wafanyakazi wa kiwanda cha vipuri, kwenye mji wa Amerika wa kaskazini ambao viwanda vyake vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja. Mwanzoni walikuwa wanafuga nywele, wanazipulizia dawa zisimame, wanavaa suruali za rangi za kubana na kuimba mapenzi. Walitoa albamu ya namna hiyo, na baadaye walikuwa wanaikana hadharani. Kisha kiwanda kikawaachisha kazi. Wakakata nywele, wakalegeza nyuzi za magitaa mpaka zikanguruma, na wakafanya jambo ambalo wenzao hawakulifanya: walipunguza mwendo. Wakati bendi zote za metal, ule muziki wao wa magitaa ya kelele, zilikuwa zinashindana nani ana mbio, wao walirudi nyuma, wakaweka mdundo wa kuvuta, unaoisukuma shingo yenyewe. Waandishi waliwasifu kwa hilo. Nilipigia mstari kila mahali palipoandikwa kwamba ukali wao ni kwenda polepole. Niliona wenzangu wa mbali wamesikia nilichosikia.

Walitoa albamu tatu kubwa, wakazunguka dunia. Halafu mwimbaji na mpiga gitaa wakaacha kusemeshana. Albamu ya mwisho ya miaka ile, mmoja aliimba akiwa mji mmoja, mwingine alipiga akiwa mji mwingine, fundi mitambo akawaunganisha. Wakavunjika. Wakashtakiana kugombea jina. Mpiga besi akafa kwa ugonjwa, na kwenye mazishi hawakukaa mstari mmoja. Miaka ikapita, jina likamwangukia mwimbaji, akamchukua mpiga ngoma wa zamani na vijana wawili wa kukodi, akatangaza ziara ya kuaga.

Yule Mrundi alirudisha karatasi akasema hao si bendi, hao ni familia. Alisema anao wajomba wa namna hiyo.

Chaussée de Wavre

Dido alinipokea uwanjani. Nilimpita nisimtambue. Amenenepa, ana upara, anatembea kama mtu anayeogopa kuchelewa. Tukakumbatiana muda mrefu, lakini aliponiachia alitazama saa.

Wanaishi ghorofani, kwenye uchochoro unaotokea Chaussée de Wavre, barabara ndefu ya maduka ambako ukifumba macho unaweza kudhani uko popote isipokuwa Ulaya: vitenge dirishani, samaki wa chumvi, ndizi, watu wamepanga foleni kutuma pesa kwao. Mkewe, Maman Gracia, alikuwa ameshapika pondu, yaani kisamvu, na makayabu, wale samaki wa chumvi, na mkate wa muhogo uliofungwa kwenye majani.

"Tonton Rama, karibu. Mu ndege banapana chakula ya batoto. Donc, kula."

Nilikula mpaka nikaona aibu. Mchana alinituma na Dido tununue vitunguu, na dukani mzee mmoja wa Lubumbashi alinisikia nikiomba kwa heshima nipimiwe, akawaita wenzake waje wanisikilize. Akaniomba nirudie. Akasema: "Muntu anasema kama habari ya ku radio." Wakacheka sana, na kila nilipopita baada ya hapo walinisalimia kwa sauti ya mtangazaji. Hayo ndiyo mambo mazuri ya Brussels, nayaweka hapa kwa sababu baadaye sina mengi.

Jambo moja lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Kila nilipotaja Wachomeleaji, Dido alikuta kazi ya kufanya. Nilimwomba aniwekee CD, kwa sababu miaka yote nilimwomba anitumie naye akajibu itapotea posta. Alisema mashine imeharibika. Nilipomwonyesha kanda, aliishika kwa mikono miwili, akainusa, akanirudishia.

Siku ya onyesho, Maman Gracia alinipigia pasi shati jeupe na kunitafutia tai ya mumewe. Nilishangaa. Kumbe Dido alikuwa amemwambia tunakwenda kwenye tamasha la kwaya. Mama yule alikuwa amewatangazia hata kina mama wa kanisani kwamba shemeji yake wa Tanzania amevuka nchi zote hizo kwa ajili ya nyimbo za Bwana, na walikuwa wameniombea. Dido alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikafunga tai.

Flagey

Tulikubaliana tukutane Flagey, kwenye uwanja mkubwa ulio mbele ya jengo linalofanana na meli. Dido angetoka kazini moja kwa moja. Anafanya kazi hospitalini kule Woluwe, anaogesha wagonjwa na kuwageuza vitandani.

Nikasubiri. Ilikuwa siku ya soko, nikazunguka vibanda vya jibini na maua mpaka wenyewe wakaanza kuvikunja. Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha. Nikanunua viazi vya kukaanga kwenye karatasi, na muuzaji akanimwagia juu yake mchuzi mweupe wa mayai ambao sikuuomba. Nilidhani amenidharau, nikamrudishia. Akanipa vingine, akavimwagia tena. Mwanamke nyuma yangu akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapa ndivyo vinavyoliwa. Nikala. Vilikuwa vitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hatakuja. Ahadi ile aliitoa kwenye benchi la stesheni yetu, siku alipoondoka kwenda kuomba ukimbizi na kuniachia kanda. Nyinyi wawili mlikuwepo. Nilijiambia: akikosa leo, basi nimesafiri kumsindikiza mtu ambaye hayupo.

Alikuja akikimbia, na viatu vyeupe vya hospitali bado viko miguuni. Alisema mgonjwa alikataa kuguswa na mtu mwingine. Tukaenda.

Ukumbini

Nje bado ilikuwa mchana, ingawa kwa saa zetu ilikuwa saa mbili usiku. Kiangazi chao hakijui kulala. Ndani, watu wote walikuwa wamevaa nyeusi. Fulana nyeusi, ndevu, mikono imejaa michoro. Sisi wawili tulisimama kwa mashati meupe, mmoja na tai, mwingine na viatu vya hospitali. Kabla bendi haijatoka, watu walinijia wakaniuliza choo kiko wapi. Wengine wakanikabidhi bilauri tupu za bia. Mwanzoni sikuelewa, nikapokea. Nilikuwa nimeshika rundo zima ndipo Dido akanivuta mkono.

"Wanazani tuko bafanyakazi ya hapa," alisema. "Weka chini."

Taa zikazimwa. Mwimbaji akatoka, mzee mfupi mwenye tumbo. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilimshika Dido bega. Ngoma ikaanza.

Ilikuwa mbio.

Nilifikiri ni wimbo nisioujua. Kisha maneno yakaja, yale tuliyoyakariri bila kuelewa, nikatambua ni wimbo wa kwanza wa upande wa pili. Unapita kama mtu anayekimbilia basi. Gitaa lilikuwa jembamba. Na sauti ya yule mzee, sauti ya nyati, ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida aliyekasirika. Nikasema labda ni uzee, wanataka kumaliza mapema wakapumzike. Nikasema labda ni wale vijana wa kukodi. Wimbo wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Watu wote walikuwa wanaimba pamoja nao, neno kwa neno, mwendo kwa mwendo, hakuna aliyeshangaa.

Ndipo wakaanza ule wa nne. Pigo. Pigo. Ule ukimya wa katikati, mahali tulipokuwa tunashusha pumzi, haukuwepo. Nafasi ile yote ilikuwa imejaa makofi ya watu.

Nilipiga kelele. Nilipiga kwa Kiswahili, "Polepole!", kama mwendawazimu, na jamaa mmoja mwenye ndevu akanyoosha ngumi juu akidhani namshangilia mwimbaji. Nikamgeukia Dido. Nikamwambia sikioni kwamba wanazikimbiza nyimbo, wametuuza.

Akasogeza mdomo karibu.

"Hapana, Rama. Njo vile ziko. Tangu zamani."

Sikumaliza onyesho. Nilitoka, na mlangoni mlinzi akanielekeza lango la wafanyakazi.

Woluwe

Asubuhi nilimfuata Dido kazini kwake. Alikuwa ameondoka kabla sijaamka. Nilipanda basi hadi Woluwe, nikamngoja kwenye benchi la nje ya hospitali mpaka alipotoka kwa mapumziko na mikate yake ndani ya boksi la plastiki.

Nilimwambia tu: "Ulijua."

Hakukana. Alinieleza kwamba mwezi wake wa kwanza Ubelgiji, akiwa bado kwenye kituo cha waomba ukimbizi, aliiona albamu ile dukani, ina picha ileile ya mchomeleaji, nzima. Akaisikiliza hapohapo kwa vipokea sauti vya duka. Alidhani wamemwekea bendi nyingine. Alimrudishia muuzaji, akamwomba kwa ishara ampe ile ya kweli, na muuzaji akaita mwenzake waje wacheke. Alirudi siku nyingine, na nyingine. Ndipo akaikumbuka redio ya baba, na rumba zenye homa. Ilikuwa inachelewa. Mpira mdogo wa ndani, ule unaozungusha kanda, ulikuwa umelegea kwa uzee. Kile tulichokipenda hakikupigwa na Wamarekani hata siku moja. Kilipigwa na ule mpira.

"Ndio sababu hukunitumia CD," nilisema.

"Wewe ulikuwa ungali nayo. Mimi yangu ilikwisha kule ku duka. Ningekupana nini?"

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini basi aliniita. Kwa nini nisibaki Kigoma na ujinga wangu, nisafiri mabara mawili nije kunyang'anywa mbele ya watu wanaonikabidhi bilauri. Alifungua na kufunga lile boksi la mikate.

"Niko peke yangu na hii kintu miaka yote hii, Rama. Bibi yangu hawezi kuelewa. Bazungu hawawezi. Nilitaka mutu moja tu ajue."

Ningeweza kumhurumia. Leo, nikiandika, karibu namhurumia. Pale kwenye benchi nilimwambia kwamba mtu akizama hamvuti mwenzake ndani ili apate wa kuongea naye. Alitikisa kichwa polepole, akasema muda wake umeisha, kuna mzee anamngoja kumwogesha. Akanipa mkate mmoja. Niliuacha kwenye benchi.

Kurudi

Siku zilizobaki tulizungumza mambo ya hali ya hewa. Maman Gracia aliniuliza kwaya ilikuwaje, nikamwambia waliimba haraka mno. Akasema ni kweli, makwaya ya siku hizi yote yako hivyo, hayampi mtu nafasi ya kulia.

Uwanja wa ndege Dido alinisindikiza mpaka wanaposimamishwa wasiosafiri. Kwa mara ya kwanza akaongea Kiswahili chetu, kile cha Kigoma, kama zamani.

"Ukifika, washa ile redio. Nipigie simu uiweke karibu, nisikie ule wa nne. Mara moja tu. Ile yetu ni nzuri kuliko yao, Rama. Bado ipo, si ndiyo?"

Nikamwambia ipo. Nilisema kwa ubaridi, bila kumtazama, lakini ndani ya ndege nilijikuta nalishikilia jambo hilo. Wachomeleaji wameharibika, Dido ameharibika, ila kuna chumba kimoja Kigoma ambamo wimbo wa nne bado unakwenda kwa mwendo wake. Nilipokuwa kwenye treni, kila iliposimama, nilipapasa mfuko kuona kama kanda iko.

Kisha nikashuka stesheni, mkanipokea, mkanikalisha, mkaniambia nisubiri. Mkabonyeza. Na kutoka kwenye redio ya baba yangu akatoka yule mzee wa Brussels, na mbio zake.

Josephati, ulisema fundi amefanya kazi safi, ameweka mpira mpya. Nilikusikia. Kila neno ambalo ningekujibu lingekuumiza, kwa hiyo nikatoka nje. Hamkujua. Siwasamehe bado, lakini najua hamkujua.

Dido hupiga simu Jumapili, wakirudi kutoka kanisani. Jumapili mbili zimepita sijapokea. Sharifu, wewe ndiye uliyempelekea fundi. Nenda kesho kabla hajafungua duka, kabla kijana wake hajafagia. Muulize ule mpira wa zamani aliutupa wapi.